Kukatwa posho ukiwa mgonjwa: jinsi adhabu za mafao Uingereza zinavyofanya kazi

Katika mwaka wa fedha 2025/26, mtu asiye na kazi nchini Uingereza, mwenye miaka 25 au zaidi na anayeishi peke yake, alipata pauni 400.14 kwa mwezi kama posho ya msingi ya Universal Credit, fao kuu la serikali kwa wenye kipato kidogo au wasio na kazi. Kwa siku ni kama pauni 13. Humo atoe chakula, umeme, gesi, nauli, simu na sabuni. Kodi ya nyumba huhesabiwa kando. Akikosa miadi moja katika Jobcentre, ofisi ya serikali inayosimamia mafao na utafutaji wa kazi, posho hiyo yote inaweza kukatwa kuanzia siku aliyokosa mpaka siku atakayojitokeza, na baada ya hapo siku saba zaidi.

Kijana mwenye afya njema aliyepitiwa na usingizi asubuhi, wengi watasema amejitakia. Tabu inaanza pale ugonjwa uliomfanya mtu aombe posho unapokuwa ndio huohuo uliomzuia kufika. Kuna mwenye sonona kali ambaye siku tatu hajainuka kitandani. Kuna mwenye kifafa aliyeanguka asubuhi ileile ya miadi, na mwenye skizofrenia asiyefungua barua kwa sababu anaamini zimetumwa na watu wanaomwinda. Kwenye kompyuta ya ofisi wote hawa wanaandikwa neno moja: hakuhudhuria.

Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu Waswahili wengi wamo ndani yake. Wapo ndugu zetu wa Kongo waliopewa makazi katika miji kama Manchester, Sheffield, Hull na Norwich kupitia mpango wa wakimbizi wa Gateway ulioanza 2004. Wapo Wabajuni, Wazanzibari, Wakenya na Watanzania wenye ukaazi. Wengine wamefika na majeraha ya vita, wengine wameugulia hukohuko baada ya miaka ya kazi za usiku za kusafisha na kulea wazee. Nao walioko nyumbani husikia tu kwamba "Ulaya serikali inakulipa hata kama huna kazi", wakashangaa ndugu yao anapopiga simu kuomba hela ya chakula.

Masharti yalivyokazwa

Kumpa mtu posho kwa masharti si jambo geni, wala si la Uingereza peke yake. Wanaoujua mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini Tanzania wanakumbuka kwamba sehemu ya ruzuku inafungamana na mahudhurio ya watoto shuleni na kliniki. Uingereza ilikuwa na masharti kwa wasio na kazi tangu zamani, na mwaka 1996 yaliwekwa wazi zaidi ilipoanzishwa posho ya watafuta kazi, Jobseeker's Allowance. Mgonjwa na mlemavu kwa muda mrefu walikuwa upande mwingine wa ukuta: posho yao iliitwa ya kutoweza kufanya kazi, na hakuna aliyewauliza wametuma maombi mangapi wiki hii.

Ukuta huo ulianza kubomolewa Oktoba 2008, chama cha Labour kikiwa madarakani, ilipoletwa posho mpya ya Employment and Support Allowance. Hoja ilikuwa kwamba wagonjwa wengi wametelekezwa, kwamba wangeweza kufanya kazi fulani wakisaidiwa. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na walemavu wengi wenyewe walikuwa wakidai msaada wa kupata kazi. Lakini pamoja na ahadi ya msaada ilikuja tathmini ya uwezo wa kufanya kazi, na pamoja na tathmini ikaja adhabu.

Serikali ya mseto ya David Cameron ikakaza zaidi. Sheria ya mageuzi ya mafao ya 2012, iliyosimamiwa na waziri Iain Duncan Smith, ilileta mfumo mpya wa adhabu Oktoba mwaka huo kwa watafuta kazi na Desemba kwa wagonjwa. Mtafuta kazi aliyerudia kosa kubwa mara ya tatu angeweza kukatwa posho kwa miaka mitatu. Kwa wagonjwa badiliko halikupigiwa kelele sana, ingawa nadhani lilikuwa zito kuliko yote. Kabla ya hapo, mgonjwa aliyekosa sharti alipunguziwa ile nyongeza ndogo aliyopewa juu ya posho. Kuanzia Desemba 2012 alikatwa posho yenyewe ya msingi, hela ya kula.

Mwaka 2013 adhabu kwa watafuta kazi zilivuka milioni moja kabla ya kuhesabu zile zilizofutwa baadaye. Idadi hiyo ilishuka sana miaka iliyofuata, na mwaka 2019 waziri Amber Rudd akaondoa adhabu ya miaka mitatu. Kikomo sasa ni miezi sita. Tangu 2013 Universal Credit imekuwa ikizimeza posho za zamani moja baada ya nyingine, kwa hiyo maelezo yanayofuata ni ya Universal Credit.

Nani anakingwa, na lini

Mgonjwa anayeomba Universal Credit hatimaye atawekwa katika moja ya makundi matatu. La kwanza ni la wanaoonekana wazima: watafute kazi kama wengine wote. La pili ni la wenye uwezo mdogo wa kufanya kazi: hawalazimishwi kutafuta kazi, ila wanaweza kutakiwa kuhudhuria mikutano, mafunzo au kuandaa wasifu wa kazi, na wakikosa wanaadhibiwa. La tatu ni la walio na hali nzito zaidi: hawadaiwi chochote, na hawawezi kuadhibiwa kwa kutotafuta kazi wala kukosa mikutano hiyo. Anayeingia kundi la tatu hupata pia nyongeza ya fedha. Kundi la pili lilikuwa na nyongeza yake, kama pauni 29 kwa wiki, lakini ilifutwa kwa waombaji wapya kuanzia Aprili 2017.

Kuingia kundi la pili au la tatu lazima upite kwenye tathmini. Unajaza fomu ndefu, kisha unahojiwa na mtu wa afya aliyeajiriwa na kampuni binafsi yenye zabuni ya serikali. Anakupa pointi: unaweza kutembea umbali gani, unaweza kuinua mkono, unaweza kukabiliana na mabadiliko, unaweza kwenda mahali usipopajua. Ukifika pointi 15, unahesabiwa kuwa na uwezo mdogo. Daktari anayekutibu miaka kumi hana kura hapo. Barua yake ni ushahidi tu, na mara nyingine haisomwi kwa makini.

Lakini tathmini haifanyiki siku ya kwanza. Mtu anapeleka cheti cha daktari, anasubiri kama mwezi ndipo fomu itumwe, anaijaza, anairudisha, anasubiri kuitwa, anahojiwa, anasubiri uamuzi. Miezi inapita. Katika miezi hiyo yote, ingawa ana cheti cha daktari kinachosema hafai kufanya kazi, kwenye mfumo bado yumo kundi la wazima. Sheria inamlinda kwa siku 14 za mwanzo za ugonjwa asilazimishwe kutafuta kazi, na ulinzi huo hautolewi zaidi ya mara mbili ndani ya miezi 12. Baada ya hapo kila kitu kiko mikononi mwa mshauri wake wa kazi pale Jobcentre. Mshauri akiwa mwelewa, anapunguza masharti hadi sifuri. Akiwa na haraka, mgeni kazini, au asiyejua kwamba anaruhusiwa kuyapunguza, anaacha masharti ya saa 35 za kutafuta kazi kwa wiki yabaki vilevile.

Hapa ndipo watu wengi wanaojadili suala hili wanapopotea. Serikali husema, na ni kweli, kwamba walio wagonjwa sana hawaadhibiwi. Ila ulinzi huo unafika mwisho wa safari, wakati mtu anauhitaji mwanzoni, katika ile miezi ambayo ndiyo kwanza amepoteza kazi, ndiyo kwanza amepewa jina la ugonjwa wake, na dawa bado zinajaribiwa. Isitoshe, kuna ambao kwa hofu au aibu hawamwambii mshauri kwamba wana ugonjwa wa akili. Katika jamii zetu hilo ni la kawaida sana. Mtu atasema mgongo unamuuma, lakini kwamba anasikia sauti usiku hatasema mbele ya mkalimani kutoka mji wake.

Daftari la mtandaoni

Ili kuelewa adhabu inavyomfikia mtu, angalia namna mawasiliano yanavyofanyika. Kila anayelipwa Universal Credit ana daftari lake la mtandaoni. Ujumbe wa simu unaingia: kuna kitu kipya kwenye daftari lako. Haukwambii ni kitu gani. Uingie kwa jina na nenosiri, ujibu maswali ya usalama, ufungue ukurasa wa mambo ya kufanya, ndipo uone kwamba umepangiwa miadi Jumanne saa nne na dakika kumi. Lugha ni Kiingereza cha ofisi. Siku ya kwanza ulipoomba posho uliweka saini ya kielektroniki kwenye mkataba wa ahadi, na humo umeandikwa kwamba utahudhuria kila miadi.

Usipofika, ujumbe mwingine unakuja kwenye daftari hilohilo, ukikutaka ueleze sababu. Usipojibu, faili inakwenda kwa afisa mwamuzi aliye ofisi nyingine, ambaye hajawahi kukuona. Yeye anaangalia kama ulikuwa na sababu ya kuridhisha. Sheria haikuorodhesha sababu hizo ni zipi. Kuna miongozo tu, na ugonjwa umo ndani ya miongozo hiyo. Lakini afisa anaweza kuupima ugonjwa aliouona kwenye maelezo peke yake. Mtu ambaye hajajibu kwa sababu hana nguvu ya kushika simu, kwenye faili amenyamaza, na kunyamaza kunasomeka kama kutojali.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mama mmoja, mgonjwa wa sonona, amekosa miadi Jumanne. Simu ilikuwa imezimwa chini ya mto. Siku ya kumi dada yake anakuja kumwona, anaiwasha, wanaona ujumbe, wanapiga simu Jobcentre. Ikiwa ni adhabu yake ya kwanza, atakatwa siku hizo kumi na siku saba zaidi: siku 17, kwa kiwango cha 2025/26 cha pauni 13.10 kila siku, jumla pauni 222.70. Zaidi ya nusu ya mwezi. Mara ya pili ndani ya mwaka mmoja zile saba zinakuwa 14, na mara ya tatu 28. Kodi yake ya nyumba na sehemu ya watoto hazikatwi, lakini umeme na chakula havijui tofauti hiyo.

Anaweza kuomba malipo ya dhiki. Hayaji yenyewe. Lazima aombe, aonyeshe kwamba amepunguza matumizi yasiyo ya lazima na ametafuta msaada kwingine, na aombe upya kila kipindi cha malipo. Akipewa, ni asilimia 60 ya kile alichokatwa, nayo ni deni. Itarudishwa kidogokidogo kutoka posho zake zijazo. Kwa maneno mengine, adhabu ya siku 17 inaweza kumla kwa miezi mingi baadaye. Chini ya posho za zamani malipo ya dhiki hayakuwa deni. Universal Credit ndiyo iliyoyageuza mkopo.

Takwimu za Wizara ya Kazi na Pensheni za miaka ya karibuni zinaonyesha jambo ambalo ningependa kila mtu alijue kabla ya kubishana kuhusu wavivu. Karibu adhabu tisa katika kila kumi, na miaka mingine zaidi ya hapo, zinatokana na kukosa miadi. Kukataa kazi ni sehemu ndogo mno. Adhabu hii kwa kiasi kikubwa inahukumu uwezo wa mtu wa kufuatilia ujumbe, kukumbuka saa, kutoka nyumbani na kupanda basi. Hizo ndizo nguvu ambazo magonjwa mengi, hasa ya akili, yanamnyang'anya mtu kwanza.

Utafiti umesema nini

Mwaka 2014 ilitoka ripoti ya Matthew Oakley, mtaalamu aliyeombwa na serikali yenyewe kuchunguza adhabu za watafuta kazi. Alikuta kwamba barua zilikuwa ngumu kueleweka, na walioumia zaidi ni wale waliokuwa dhaifu tangu mwanzo; wengine hawakujua wameadhibiwa mpaka walipokwenda kwenye mashine ya benki wakakuta hakuna kitu.

Novemba 2016 Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilitoa ripoti yake. Kati ya 2010 na 2015, karibu robo ya waliowahi kupokea Jobseeker's Allowance waliadhibiwa walau mara moja. Mwaka 2015 serikali ilizuia pauni milioni 132 kwa adhabu, ikalipa milioni 35 za dhiki, na kuendesha shughuli ya adhabu kuligharimu kati ya milioni 30 na 50 kwa mwaka, mbali na kama milioni 200 za kufuatilia masharti. Wakaguzi waliona pia kwamba kwa wapokeaji wa posho ya ugonjwa, adhabu ziliambatana na muda mfupi zaidi kazini. Yaani kinyume kabisa cha kilichokusudiwa.

Mradi mkubwa ulioongozwa na Peter Dwyer wa Chuo Kikuu cha York uliwafuata watu wenye masharti ya mafao kwa miaka, wakahojiwa zaidi ya mara moja. Matokeo ya mwisho yalitoka 2018: adhabu hazikuwasogeza watu kazini kwa namna ya maana, ila ziliwaongezea deni, njaa, msongo na maradhi, na baadhi walijitoa kabisa kwenye mfumo wakabaki hawana chochote. Mwaka huohuo kamati ya Bunge inayoshughulikia kazi na pensheni ilipendekeza adhabu ziondolewe kwa wagonjwa na walemavu ambao tathmini imeshasema uwezo wao ni mdogo. Halikutekelezwa.

Mtafiti Ben Baumberg Geiger alipima takwimu za miaka ya 2010 hadi 2014 akakuta kwamba watafuta kazi wenye ulemavu waliadhibiwa kwa kiwango kilichozidi cha wasio na ulemavu kwa asilimia 26 hadi 53. Mfumo haukupanga kuwalenga. Uliweka kizingiti kimoja kwa wote, na wenye miguu mibovu ndio waliojikwaa.

Kuna utafiti mwingine unaotajwa sana, na unatakiwa kutajwa kwa uangalifu. Mwaka 2015 Benjamin Barr na wenzake walilinganisha maeneo mbalimbali ya England kati ya 2010 na 2013, wakati wapokeaji wa posho ya zamani ya kutoweza kufanya kazi walipokuwa wakifanyiwa tathmini upya. Maeneo yaliyokuwa na tathmini nyingi zaidi yalionyesha ongezeko la vifo vya kujiua, ambalo kwa England nzima walilikadiria kuwa 590, pamoja na vyeti 725,000 zaidi vya dawa za sonona. Utafiti huo ulihusu tathmini, haukuhusu adhabu, na unaonyesha uhusiano bila kuthibitisha kwamba kila kifo kilisababishwa na barua ya wizara. Hata hivyo, serikali yoyote inayoona takwimu kama hizo ingepaswa kusimama na kuchunguza, na si kukanusha tu.

Lililonigusa kuliko yote ni la 2023. Wizara ya Kazi na Pensheni ilikuwa imefanya utafiti wake wa ndani kuhusu adhabu za Universal Credit, ikakataa kuuchapisha kwa muda mrefu, mpaka ikashinikizwa kwa sheria ya uhuru wa taarifa. Ulipotoka, ulionyesha kwamba aliyeadhibiwa kwa wastani alichelewa zaidi kupata kazi yenye mshahara, na alipopata, mshahara wake ulikuwa mdogo zaidi. Hayo ni maneno ya wizara yenyewe, waliyokuwa wameyafungia kabatini.

Wanaotetea adhabu wana hoja ambazo haifai kuzipuuza. Posho ni kodi za watu wanaoamka alfajiri, nao wana haki ya kujua kwamba anayelipwa anajitahidi. Tafiti za nchi nyingine, kama ile ya Uswisi iliyochapishwa 2013, zilionyesha kwamba adhabu huwafanya wasio na kazi waharakishe kuipokea iliyopo, ingawa mara nyingi huwa na mshahara mdogo. Kwa mtu mzima wa afya, tishio linaweza kumsukuma. Lakini tishio hufanya kazi pale tu anayetishwa ana uchaguzi. Ukimkata posho mtu mwenye kifafa, kifafa hakiogopi.

Njia ya kutoka njaa kwenda mauti

Julai 2013 mwanajeshi wa zamani mwenye kisukari, miaka 59, alikutwa amefariki nyumbani kwake Stevenage. Alikuwa ameadhibiwa kwa kukosa miadi. Kwenye akaunti yake zilibaki pauni 3.44. Alikuwa akijidunga insulini, na insulini inahitaji ubaridi. Umeme wake ulikuwa wa mita ya kulipia kabla, kama LUKU, na ulikuwa umekatika. Uchunguzi ulikuta kifo kilitokana na sukari iliyopanda kwa kukosa insulini, na tumboni hamkuwa na chakula. Karibu naye palikuwa na rundo la nakala za wasifu wake wa kazi. Dada yake alikusanya saini zaidi ya 200,000 kudai uchunguzi wa mfumo mzima. Wizara ilisema taratibu zilifuatwa.

Nami naamini zilifuatwa, na hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Hakuna mahakama iliyosema kwamba adhabu ndiyo iliyomuua. Lakini fuata njia yenyewe: posho inakatwa, mita inaisha, friji inazima, dawa inaharibika. Afisa mwamuzi aliyebonyeza kitufe hakuhitaji kuwa mtu mbaya. Fomu aliyokuwa nayo haikuwa na sehemu ya kuuliza kama mtu huyu ana dawa kwenye friji.

Kisa cha pili ni cha Nottingham. Mwanamume wa miaka 57 mwenye historia ndefu ya ugonjwa wa akili, aliyeogopa kukutana na watu, alikutwa amekufa Juni 2018 na maafisa waliokuja kumfukuza kwenye nyumba. Alikuwa na uzito wa kama kilo 28. Posho yake ya ugonjwa ilisitishwa 2017 baada ya kutohudhuria tathmini, na ilipokatika ile, msaada wa kodi ya nyumba nao ulikatika. Kisheria hiyo haikuwa adhabu. Iliitwa kufungwa kwa madai. Takwimu za adhabu hazimhesabu. Kwa hiyo unaposoma kwamba adhabu kwa wagonjwa ni chache, kumbuka kwamba kuna mlango wa pili ambao hakuna anayehesabu wanaoupita.

Ujerumani ilifika mahakamani na kuchukua njia nyingine. Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo, katika hukumu ya tarehe 5 Novemba 2019, ilisema kwamba serikali inaweza kuweka masharti, ila kiwango cha chini cha kuishi ni haki inayotokana na utu wa mtu. Kukata zaidi ya asilimia 30, na kukata bila kuangalia hali ya mhusika, kulionekana kukiuka katiba. Siasa za huko zimekaza tena tangu hapo, na 2024 waliruhusu kukatwa kwa posho yote ya msingi, kwa muda usiozidi miezi miwili, kwa anayekataa kazi mara kwa mara. Lakini swali la kwanza kule ni mtu anabakiwa na nini. Uingereza haina katiba iliyoandikwa yenye kifungu kama hicho, na kikomo cha kukata ni asilimia 100.

Kinachokuja, na la kufanya barua ikifika

Machi 2025 serikali ya Labour ilitangaza mpango wa kuifuta tathmini ya uwezo wa kufanya kazi ifikapo 2028. Wagonjwa wengi wanaichukia tathmini hiyo, na wangependa kufurahi. Ila kumbuka kwamba kundi la tatu, ambalo ndilo kinga dhidi ya adhabu, linapatikana kupitia tathmini hiyohiyo. Ikifutwa bila kinga nyingine kuandikwa kwenye sheria, uamuzi wa nani asiadhibiwe utabaki kwa mshauri wa kazi, yaani ile hali ya miezi ya kusubiri itakuwa hali ya kudumu. Sheria iliyopitishwa Septemba 2025 tayari imepunguza nyongeza ya afya kwa waombaji wapya wengi kutoka kama pauni 97 kwa wiki hadi 50 kuanzia Aprili 2026, ukiacha wenye hali mbaya za kudumu na walio karibu na mauti. Mtu mwenye akiba ndogo zaidi akiadhibiwa, anaanguka haraka zaidi.

Kwa wasomaji walioko Uingereza, au wenye ndugu huko, haya yafaa kujulikana. Adhabu inapingwa. Kwanza unaomba wizara iangalie upya uamuzi wake. Barua itataja mwezi mmoja, lakini uamuzi wa adhabu unaweza kuombewa marekebisho hata baada ya hapo. Wakikataa, unakwenda mahakama ya rufaa ya mafao, ambayo ni huru, haitozi ada, na haikulazimishi kuwa na wakili. Ofisi za ushauri za Citizens Advice husaidia bure. Unaweza kuomba mkalimani, na kusema ikiwa hutaki mkalimani unayemfahamu. Sheria ya usawa ya 2010 inailazimu ofisi kumrekebishia mlemavu utaratibu: miadi kwa simu badala ya kufika, barua ya karatasi badala ya daftari la mtandaoni, ukumbusho kwa ndugu anayemwangalia. Lakini asisubiri kupewa, aombe.

Na aombe kwa maandishi. Aliyemwambia mshauri kwa mdomo kwamba ana ugonjwa wa akili hana ushahidi siku mshauri huyo atakapohamishwa. Aliyeandika kwenye daftari la mtandaoni, hata mstari mmoja, hata kwa Kiingereza kibovu, "naumwa, nina cheti cha daktari, naomba masharti yapunguzwe", ameacha maandishi yenye tarehe na saa, na hayo ndiyo mahakama ya rufaa itakayoyasoma kwanza. Kama mgonjwa mwenyewe hawezi, ndugu anaweza kuandika akiwa ameketi pembeni yake, na mgonjwa anaweza kuandika humohumo ridhaa ya ndugu huyo kuzungumza kwa niaba yake.